Ramani ya Kinamasi Isichorwe Gizani

Tarehe 15 Agosti 2024 mji wetu wa Eldoret ulikabidhiwa hati ya kuwa jiji. Hotuba zilitolewa, na watu wakarudi majumbani mwao wakiwa wakazi wa jiji la tano nchini Kenya. Hatuna ugomvi na hadhi hiyo. Lakini jiji huja na mipango, mipango huja na ramani, na kila ramani huchorwa na kalamu iliyo mkononi mwa mtu fulani. Miongoni mwa mambo ambayo viongozi wetu wameyaahidi mara kwa mara, mmoja akiondoka na mwingine akishika, ni kuusafisha mto Sosiani na kuyafufua maeneo chepechepe yaliyo ndani na pembezoni mwa mji. Jambo hilo ni jema, tena limechelewa. Sisi twauliza: je, mwananchi ataitwa lini?

Msimamo wetu twautaja mapema ili msomaji asiutafute kwenye aya ya mwisho. Mwananchi aitwe kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa. Akiitwa baada ya hapo, huwa haitwi kupanga, huitwa kushuhudia.

Mto huu ndio uliotupa jina. Neno Eldoret latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mto wa mawe. Kabla ya karani wa kikoloni kuliandika jina hilo mwaka 1912, walowezi walipaita hapa Sikisti-foa, kwa nambari ya shamba, na wazee wangali wakisema Sisibo. Sosiani huteremka kutoka nyanda za juu upande wa Kaptagat, hukata katikati ya mji, huungana na Kipkaren, kisha Nzoia, na mwisho wa safari maji yake huingia Ziwa Viktoria huko Budalang'i. Kila tunachokimwaga hapa, basi, kina mtu wa kukipokea. Nzoia inapofura na kuvunja kingo zake, mama wa Busia asiyewahi kuiona Eldoret huwabeba watoto wake hadi penye mwinuko. Hatusemi kwamba mafuriko yote ya Budalang'i yanatoka kwetu. Twasema kwamba kila kinamasi tunachokikausha huku juu ni mlango mmoja zaidi tunaouacha wazi kwa maji yashuke kwa kishindo.

Wengi wetu tulilelewa tukikiona kinamasi kuwa ni mahali pa mbu, pa kuku kupotelea na pa kutupia taka. Mtu akikijaza vifusi akajenga, tulimsifu kwa bidii. Elimu hiyo ilikuwa na upungufu. Mafunjo na matete huyapunguza maji mwendo, matope yakatuama, na mizizi ikanyonya mbolea iliyosombwa kutoka mashambani pamoja na sehemu ya uchafu wa vyoo. Mvua inapokuwa nyingi kinamasi hufyonza. Kiangazi kinapofika hutoa kidogokidogo. Ukitaka hesabu, iko. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 juu ya kinamasi cha Nakivubo, kinachopokea maji machafu ya jiji la Kampala, ulikadiria kwamba kazi ya usafishaji inayofanywa na mimea ile ina thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kila mwaka. Hakuna aliyeyalipa mafunjo hayo mshahara, wala hakuna aliyeyaomba ruhusa yalipoanza kukatwa ili pandwe nduma na kujengwa maghala.

Sisi tunacho chetu. Upande wa Chepkoilel kuna kinamasi cha Marura, chenye mafunjo, ambacho watafiti wa vyuo vikuu vyetu wamekiandika mara nyingi. Watu hukata humo nyasi za kuezekea, hunywesha ng'ombe wakati visima vimekauka, na hulima mboga pembezoni mwake. Kando ya Sosiani mjini kuna vipande vidogo vya ardhi chepechepe, vingine vimebaki jina tu. Juu yake utakuta sukuma wiki, vijana wakiosha magari na pikipiki, mafundi wa jua kali, nyumba za mabati, na hapa na pale ukuta mrefu wa mawe wenye lango la chuma. Yeyote atakayechora mpango wa ukarabati atawakuta wote hawa. Tofauti ni kwamba mwenye lango la chuma ana wakili.

Hapa ndipo twataka kusema bila kumung'unya maneno. Kila mara habari ya kusafisha mto inapotajwa, kidole huelekezwa kwa maskini: mama wa mboga, kijana wa kuosha magari, mpangaji wa Langas, Huruma, Kamukunji au Munyaka ambaye choo chake hakina pa kwenda kwa kuwa mabomba ya maji taka hayajaifikia mitaa yote. Hao wanachafua, ndiyo, na hatutawatakasa kwa sababu tu hawana kitu. Mkulima anayelima mpaka ukingoni na kung'oa tete la mwisho anamwibia jirani yake wa chini. Lakini maskini hakujiandikia hatimiliki ya kinamasi. Ripoti ya tume ya ardhi iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyotolewa mwaka 2004, ilieleza namna ardhi za umma, misitu na maeneo chepechepe yakiwemo, zilivyogawiwa watu binafsi kama zawadi za siasa. Kalamu zilizosaini hati hizo hazikuwa za walalahoi. Mpango utakaoanza kwa kuvunja vibanda na kumalizika kwa kuzunguka kuta za mawe kwa adabu, huo si ukarabati. Ni unyakuzi wa pili juu ya ule wa kwanza.

Katika wilaya nyingine mstari wa mpaka ni jambo la mpima ardhi. Katika Uasin Gishu sivyo. Sisi ni watu wa Burnt Forest ya 1992. Ni watu wa Januari 2008, wakati maelfu walipolala katika ua wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu hapa mjini, na wengine wakafa mahali walipodhani kwamba pamoja na madhabahu wangekuwa salama. Katika nchi kama hii, mtu akiamka asubuhi akute kigingi kimepigwa mlangoni pake, haulizi kwanza kuhusu mafunjo. Anauliza: ni nani aliyetumwa, na kwa nini kwangu na si kwa yule wa ng'ambo? Mpango wa mazingira ulio safi kabisa katika karatasi waweza, kwa kukosa maelezo ya wiki mbili, kusomwa kama mpango wa kuhamisha kabila fulani. Tukumbuke pia kwamba mwanasiasa wa kuuchochea usomaji huo hakosekani, hasa mwaka wa uchaguzi ukikaribia.

Sheria yenyewe yaacha nafasi ya ugomvi. Kanuni za mwaka 2009 za usimamizi wa maeneo chepechepe na kingo za mito zataka ukanda usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande, ukipimwa kutoka mahali maji ya mafuriko yalipofika juu zaidi. Sheria nyingine zina vipimo vyake. Kati ya mita 6 na mita 30 kuna nyumba nzima, kuna shamba la mtu, kuna kanisa la mabati. Ni nani anayeamua kwamba hapa ni 6 na pale ni 30? Na mahali mafuriko yalipofika juu zaidi, ni nani anayepakumbuka kuliko bibi aliyeyaona yakiingia jikoni mwake? Mshauri mwelekezi aliyekodiwa kutoka Nairobi hana kumbukumbu hiyo. Ataikisia kwa kompyuta, na pengine ataikisia vizuri, lakini bibi yule angeweza kumwonyesha alama ukutani.

Tuliona mwaka 2024 mambo yanavyokuwa mstari ukichorwa kwa haraka. Mafuriko ya Machi hadi Mei yaliua zaidi ya watu 200 nchini. Serikali ikaamuru wakaao kando ya mito wahame, na matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru watu wakiwa bado wanaanika magodoro yao. Hakuna asemaye kwamba watu waachwe wafe maji. Ila mtu aliyefukuzwa na mto usiku, kisha akafukuzwa na serikali mchana, hawezi kuwa mlinzi wa mto huo kesho.

Mtatuambia: Katiba ya 2010 imekwisha kulitatua jambo hili. Kweli, imelitaja. Kifungu cha 10 chaweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 42 champa kila mtu haki ya mazingira safi, na cha 69 chaitaka dola ihimize watu washiriki katika kuyatunza. Wengi wa wasomaji wa kurasa hizi waliteseka ili maneno hayo yaandikwe. Lakini tumejionea jinsi ushiriki unavyofanywa. Tangazo hutolewa katika gazeti la Kiingereza ambalo mtaa mzima hununua nakala tatu. Mkutano huitishwa katika ukumbi wa hoteli siku ya kazi saa tatu asubuhi. Waraka wa kurasa nyingi hugawiwa mlangoni, na aliyeupokea atakiwa kuutolea maoni kabla ya chai. Watu huandika majina na nambari za vitambulisho, hula, hupewa nauli. Mwezi mmoja baadaye orodha ile ya majina huambatishwa kwenye ripoti kuwa ushahidi kwamba wananchi waliukubali mpango. Wanaoukumbuka mlolongo wa 1988 wanaijua hesabu ya namna hii: watu walipangwa foleni mchana kweupe, wakahesabiwa, na mwenye foleni fupi akatangazwa mshindi.

Na hilo neno "wadau" tunaomba lichunguzwe. Siku hizi kila mkutano ni wa wadau. Aliye na kiwanda ni mdau, aliye na benki ni mdau, shirika lenye gari jipya ni mdau. Anayeteka maji kwa mtungi haonekani orodhani kwa sababu hakuna aliyekuwa na nambari yake ya simu.

Mahakama zetu, kwa heshima zao, hazikudanganyika. Mwaka 2014 Jaji George Odunga aliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Katika hukumu hiyo alieleza kwamba tangazo la gazetini halitoshi, na kwamba watu wafikiwe pale wanapokutanika: makanisani, misikitini, mahekaluni, katika mabaraza, na kwa redio, zile za lugha za nyumbani zikiwemo. Mwezi Juni 2019 Mahakama Maalumu ya Mazingira ilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe huko Lamu, na upungufu wa ushiriki wa wananchi ulikuwa miongoni mwa sababu kuu. Watu wa Lamu hawakuwa na bunduki wala fedha. Walikuwa na kumbukumbu za mikutano, waliyoambiwa na wasiyoambiwa. Wasomaji wetu wa makanisani wazingatie jambo hilo: mimbari yenu imetajwa na jaji kuwa mahali halali pa kumpashia mwananchi habari za mipango ya serikali. Msingoje kubembelezwa.

Basi ushiriki wa kweli una sura gani? Hatuhitaji kuutafuta ng'ambo. Eldoret yenyewe imekwisha kuufundisha ulimwengu, ingawa mafunzo hayo yalihusu amani wala si mafunjo. Marehemu Askofu Cornelius Korir, aliyeliongoza Jimbo Katoliki la Eldoret tangu 1990 hadi alipofariki Oktoba 2017, aliandika katika kitabu chake Amani Mashinani, kilichotolewa mwaka 2009, namna alivyowapatanisha waliokuwa wamechomeana nyumba. Hakuanza na mkutano mkubwa. Alianza na mtu mmoja mmoja. Kisha kila upande ulikutana peke yake, ukamwaga uchungu wake wote bila kusikilizwa na mwenzake. Kisha wachache wa huku na wachache wa kule. Ndipo wakaandika ajenda, wakarudi kwa watu wao kuwaeleza, na mwisho kabisa ndipo vijiji vizima vikakaa pamoja. Baada ya hapo walipewa kazi ya kufanya pamoja, josho la ng'ombe au barabara au shule, kitu ambacho upande mmoja hauwezi kukiharibu bila kujiharibia.

Tunaitaka njia hiyo kwa ajili ya Sosiani na Marura, tena hatuoni sababu ya kuibadili sana. Wakulima wa pembezoni mwa Marura wakutane peke yao na waseme ukweli juu ya wanachokipata humo: magunia mangapi, miezi mingapi, na watakula nini wakiondoka. Wafugaji nao peke yao. Vijana waosha magari wana shida tofauti na mama wa mboga, na mbele ya mama wa mboga hawataitaja. Wenye hati waitwe pia, pamoja na wenye viwanda; huenda wakasema kikaoni, milango ikiwa imefungwa, mambo ambayo wakili angewakataza kuyaandika. Wapangaji waitwe mbali na wenye nyumba, kwa maana mpangaji hathubutu kulalamikia choo mbele ya mtu awezaye kumfukuza jioni hiyo. Wa ng'ambo hii na wa ng'ambo ile. Kila kikao kifanywe kwa lugha inayotamkwa na waliomo, iwe Kiswahili, Kinandi, Kikuyu, Kiluhya au nyingine, na maandishi yake yasomwe tena mbele yao kabla ya kupelekwa popote. Hapo ndipo mchora ramani aingie, akiwa na kalamu ya risasi na kifutio. Na kazi ya pamoja ipatikane mapema: bustani ya miche ya miti ya asili, au choo cha umma chenye mabomba, au daraja la miguu. Kinamasi kina faida hii, kwamba hakiwezi kugawanywa. Maji yakichafuka huku yamechafuka kule.

Watu wa Dar es Salaam wamelijaribu jambo la namna hii katika bonde la mto Msimbazi, na hadithi yao yafaa kusikilizwa pande zake zote mbili. Mwishoni mwa 2015 serikali yao ilitumia njia tuliyoizoea: nyumba za bondeni zikatiwa alama ya X kwa rangi nyekundu, kisha zikabomolewa, na mivutano ikafika mahakamani. Mafuriko hayakukoma. Mwaka 2018 walibadili mwendo. Wakazi, wahandisi, maofisa wa manispaa na wataalamu wa mipango miji walikalishwa pamoja kwa miezi kadhaa, kikao baada ya kikao, wakiuchora mpango mbele ya macho ya wote: wapi maji yaachiwe njia yake, wapi pawe bustani ya jiji, wapi watu wajenge juu zaidi. Mpango huo ndio uliopata mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 mwaka 2022. Hata hivyo malalamiko hayakukosekana ilipofika zamu ya fidia, kwa sababu kuchora pamoja ni kitu kimoja na kuthamini nyumba ya mtu ni kitu kingine. Funzo tulichukue mapema. Fidia iwe ajenda ya kikao cha kwanza, isingojee cha mwisho.

Wako wenzetu wa dhati wanaosema kwamba haya yote yatachelewesha kazi, na kwamba afadhali kiongozi mmoja shupavu aingie na kusafisha. Twawaelewa, harufu ya mto wakati wa kiangazi humfanya mtu atamani dikteta. Lakini twaomba waangalie Nairobi. John Michuki alipoishika Wizara ya Mazingira mwaka 2008, sehemu ya mto Nairobi iliyo karibu na mzunguko wa Globe ilisafishwa mpaka wapita njia wakasimama kutazama. Alikuwa mtu wa amri, na amri zake zilitekelezwa. Alifariki Februari 2012. Mahali pale paliharibika tena, ikabidi pakarabatiwe upya na kupewa jina lake mwaka 2020. Bwawa la Nairobi, lililochimbwa miaka ya 1950 na ambalo zamani mashua za matanga zilishindana juu yake, limezibwa na magugu maji na taka, na mipango ya kulifufua imetangazwa mara nyingi juu ya vichwa vya watu wa Kibera. Usafi wa amri hudumu kadiri ya uhai wa mwenye amri.

Kuna pingamizi jingine, la heshima zaidi: kwamba mwananchi wa kawaida haelewi sayansi ya maji. Hiyo ni kweli kwa sehemu. Bibi wa alama ya mafuriko hataweza kupima oksijeni iliyo majini, na hatutaki mambo ya kitaalamu yapigiwe kura. Kama wataalamu wa Chuo Kikuu cha Eldoret au cha Moi wakisema kwamba kipande fulani kisipoachwa kabisa kinamasi kitakufa, wananchi hawana budi kuambiwa hivyo kavukavu, na wengine watalazimika kuhama. Hatuwadanganyi wasomaji wetu kwamba kuna mpango usiomuumiza mtu. Twataka tu atakayeumia ajue mapema, ajue kwa nini, alipwe kabla ya kuondoka, na amwone jirani yake mwenye lango la chuma akiondoka siku hiyo hiyo kwa kipimo hicho hicho.

Wakereketwa wenzetu nao tunayo ya kuwaambia. Tulizoea, na kwa sababu nzuri, kupinga. Marehemu Wangari Maathai alipinga jumba refu katika Uhuru Park mwaka 1989 na unyakuzi wa Karura miaka kumi baadaye, na hapa Eldoret Askofu Alexander Muge aliyapigia kelele maovu ya wakubwa, unyakuzi wa ardhi ukiwemo, mpaka alipokufa barabarani Agosti 1990. Lakini Wangari alikuwa na vitalu vya miche kabla hajawa na mabango. Kupanga kuna uchovu ambao maandamano hayana. Ni kukaa siku nzima kubishana juu ya mtaro, kurudi wiki ijayo kwa mtaro huohuo, na kukuta waliokuja ni nusu. Tujihadhari pia na makundi ya kukodiwa ambayo huibuka penye posho, yakijiita sauti ya mashinani, yakisaini lolote.

Msomaji wa Biblia anaukumbuka ukarabati uliofanywa na Nehemia. Kabla ya kumwambia mtu neno aliuzunguka ukuta usiku akaukagua mwenyewe. Alipoanza kazi, wengi walijenga sehemu iliyoelekea nyumba zao. Na kazi ilipokuwa imefika katikati, maskini wakalia kwamba mashamba yao yamewekwa rehani kwa matajiri wa kabila lao wenyewe. Nehemia hakuwaambia wangoje ukuta ukamilike. Aliita mkutano, akawakabili wakubwa, mashamba yakarudishwa, ndipo ujenzi ukaendelea.

Sasa ya kutenda. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 yawapa wakazi haki ya kuwa na mabaraza yao ya kuhojiana na bodi ya jiji; kila parokia na kila kikundi kiulize baraza la mtaa wake liko wapi na lilikutana lini. Sheria ya mazingira ya 1999, kifungu cha 42, yakataza kujenga, kukausha au kujaza kinamasi bila idhini na tathmini ya athari kwa mazingira. Ukiona lori likimwaga vifusi, uliza karatasi hiyo, piga picha, andika tarehe. Kifungu cha 70 cha Katiba chamruhusu yeyote kwenda mahakamani kwa ajili ya mazingira hata kama yeye mwenyewe hajapata hasara, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi ipo papa hapa Eldoret. Wakulima wajiunge na vyama vya watumiaji maji, ambavyo sheria ya maji inavitambua, ili siku ya kikao wawe na kiti cha haki badala ya kiti cha kualikwa.

Zaidi ya yote, kwa kutumia Kifungu cha 35 kihusucho haki ya kupata habari, tuandike barua kwa ofisi za ardhi na mazingira tukiomba vitu viwili: ramani ya upimaji ionyeshayo mipaka ya Marura na ukanda wa Sosiani kama ulivyo sasa, na orodha ya viwanja vyote vilivyomo ndani ya mipaka hiyo pamoja na mwaka kila hati ilipotolewa. Barua iwe fupi, isainiwe na wengi, ipelekwe kwa mkono, na nakala yake igongwe muhuri wa mapokezi. Makanisa yaliyo na viwanja kando ya mto yatangulie kuonyesha hati zao.